Meza ya Jumamosi Haikunjwi

Kwamboka mama, binti yangu,

Nimevikunjua vitambaa ulivyokunja. Ukirudi kutoka Boito jioni hii na ile chai yako ya zambarau, utavikuta vimetandikwa mezani kwenye veranda, vina madoa ya limau na ukingo mmoja umelowa kabisa. Usimuulize Mama Chebet. Usimuulize Ouma. Ni mimi.

Mambo ya sweta, dawa ya kikohozi na namba ya simu ya shangazi yako wa Nakuru nilishayasema mpaka ukawa unaitikia kabla sijafungua mdomo. Hayo nayaacha. Kesho ukipanda gari utayakumbuka au utayasahau, na yote mawili hayataua mtu. Ninachotaka kukuandikia ni hasira. Nimeshindwa kuisema kwa mdomo wiki hii yote, kwa sababu kila nikianza nasimama, natafuta sufuria ya kuosha, na hasira yenyewe inaishia kwenye masizi. Karatasi inanikalisha.

Nimechukua karatasi zako, zile unazotengeneza kwa makapi ya chai. Sikugusa nzuri. Nimechukua zile zenye kingo zilizoliwa, ulizoweka kando ukisema fremu iliteleza. Wino pia ni wako, ule wa majani ya chai yaliyochemka na misumari yenye kutu. Unaandika kijivu, halafu ukikauka unakuwa mweusi kama umebadili mawazo. Nimefundisha watoto kuandika maisha yangu yote ya kazi, na sijawahi kushika karatasi inayovuta kalamu namna hii, kama udongo uliomwagiwa mvua.

Sasa nianze na Jumatano.

Ulikuwa kwenye veranda unachuja makapi kwa ile fremu yenye wavu wa mbu. Mimi nilikuwa mlangoni nachambua mboga ya chinsaga. Kiprono akaingia, mikono mfukoni, kijana wa mwenye nyumba ambaye nilimfundisha kusoma nilipokuwa bado shule ya shamba la chai. Alisalimia vizuri. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, alivyosalimia vizuri.

"Mwalimu, chamgei."

"Chamgei, Kiprono. Mzee anaendeleaje?"

"Mzee ako tu. Ni miguu inamsumbua." Akaitazama meza yako ya vinywaji vya Jumamosi, bilauri zimepangwa, kadi zimeanikwa kwenye uzi kama samaki. "Kwamboka, si mbaya. Hii kitu yenu ni mzuri. Mimi mwenyewe nilikunywa ile ya rangi mbili, si unakumbuka? Sasa, hii veranda, tulikuwa tunafikiria kama ingekaa bure kidogo."

Nikamwuliza, "Bure kwa nini? Kuna duka linakuja?"

"Hakuna duka."

"Kuna mpangaji mwingine?"

"Hapana, Mwalimu. Ni watu tu wanaongea."

"Wanaongea nini?"

Akajikuna shingo. "Wanasema siku hizi mnakaa hapa kama watu wa hapa."

Jibu lilikuwa limefika kwenye meno yangu. Lakini niligeuka kwanza kukutazama, na nikakuona unakunja vitambaa. Kijana hajamaliza kusema, wewe umeshakunja cha kwanza, umekinyoosha kwa kiganja, umeshika cha pili. Ukamwambia kwa sauti tamu, "Hakuna shida, Kip. Hata mimi naenda Naivasha. Nilikuwa nakuja kukwambia."

Hukuwa unaenda kumwambia lolote. Ujumbe wa yule mama wa hoteli ya Naivasha ulikuwa umelala kwenye simu yako muda mrefu bila jibu. Ulikuwa umeniambia mwenyewe, tukimenya viazi, kwamba hujui kama unataka kuchanganyia watalii vinywaji kando ya ziwa wakati huku watu wameanza kuzoea. Ulimjibu Jumatano ile ile. Nilikusikia chumbani ukiongea naye. Sawa madam. Ndiyo madam. Hata Jumapili, madam. Hata Jumamosi zote, madam.

Nimemkasirikia Kiprono. Nimewakasirikia hao "watu" wake ambao hawana majina wala miguu ya kuja wenyewe. Lakini mikono yako ndiyo iliyonikosesha amani. Haikungoja. Na ninaijua mikono ile, kwa sababu niliifundisha mimi.

Unajua kwamba tulikuwa na shamba karibu na Sigor. Unajua kwamba tulilinunua kwa haki na tukaondoka nikiwa na mimba yako. Nimekusimulia hivyo, kwa mistari miwili, kama mtu anavyosoma jina la kituo na kupita. Sikukusimulia asubuhi yenyewe, na leo nakusimulia kwa sababu ya vitambaa.

Waliokuja walikuwa wawili, na mmoja tulikuwa tukikopeshana chumvi. Hawakuwa na silaha. Walisimama penye ua na kofia mkononi. Yule jirani akasema, "Mwalimu, si vibaya, lakini mngetoka kidogo mpaka mambo yapoe." Kidogo! Nimeishi ndani ya neno hilo tangu siku ile. Nimezeekea humo. Baba yako aliuliza kama ni kwa wiki moja au mbili, na jirani akaivaa kofia yake.

Na unajua mama yako alifanya nini? Alifagia. Nilifagia nyumba, nikafagia ua mpaka kwenye mlango wa zizi, nikaosha sufuria ya uji, nikaifudikiza juu ya kichanja ikauke. Niliogopa wasije wakaingia wakasema watu wale walikuwa wachafu. Kisha nikamkabidhi ufunguo yule yule aliyetuambia tutoke, na nikamwambia asante. Kwa mdomo huu. Asante kwa kutujulisha mapema.

Kuna waliotubebea magunia siku ile mpaka barabarani, na walikuwa wa kabila lile lile la waliotutoa, kwa hiyo usije ukaichukua hasira yangu ukaivalisha kabila. Mama Chebet unayemjua ni dada wa mmoja wa hao waliotubebea. Hasira yangu ni juu ya adabu. Adabu ya yule aliyekuja na kofia mkononi kuninyang'anya mahali, na adabu yangu mimi ya kumwachia pakiwa pamefagiliwa.

Ulizaliwa ng'ambo, tumeshavuka mto, na mama wa watu aliyetupokea akasema basi huyu ni Kwamboka, mwenye kuvuka, jina limeshakuja lenyewe. Nilifurahi. Sikufikiri kwamba mtoto anaweza kulichukua jina kama maagizo.

Tulipopata kazi shule ya shamba la chai tukapewa nyumba ya kampuni, na nyumba ya kampuni unaijua: ni yako mpaka utakapostaafu, kisha unapewa karatasi. Tukaja hapa Sosiot. Kila tulipokwenda nilipanda sukuma, maharagwe na viazi. Baba yako aliwahi kuleta miche ya parachichi ndani ya kopo, nikamwambia, "Nani atakula?" Akaigawa. Tuko katika nchi ambayo kila jirani ana vichaka vya chai vitakavyoishi kuliko yeye, mtu anachuma chai aliyopanda babu yake, na sisi tumekaa katikati yao miaka yote tukipanda vitu vya msimu mmoja. Bilauri tulizopewa kwenye harusi zilikaa kwenye katoni, zimefungwa kwa magazeti, tayari kwa safari. Baba yako alikufa bila kuzinywea. Tulimpeleka Kisii kwa ndugu zake, waliotupimia nafasi ya kaburi kwa macho na hawakutaja mahali pa sisi kuishi.

Lakini jambo baya kuliko hayo yote nililokufundisha ni hili: kutokukaa. Nilikwambia, mgeni asionekane amekaa. Akiingia mtu, simama. Akipita mtu, shika kitu. Ukiwa huna cha kushika, chambua mboga, chota maji, funga kamba ya kiatu. Kwa sababu mtu wa kuja akionekana amekaa kitako na mikono yake mitupu, watu wanaanza kuuliza amekalia nini. Wenyeji wakipumzika ni uchovu. Sisi tukipumzika ni dharau. Hakuna aliyeniambia hivyo kwa maneno. Nililisoma machoni mwa watu na nikalitii miaka yote, na nikadhani utii huo ni hekima nikakurithisha.

Ndiyo maana ulipoanzisha meza yako nilikasirika. Ulidhani ninaogopa pombe, na nilikuacha udhani hivyo kwa sababu ni rahisi kueleza. Mke wa mchungaji alipokuja kuniambia, "Mwalimu, binti yako anauza pombe kwenye veranda," nilikuwa karibu kukubaliana naye. Nikajikuta nikisema, "Anauza chai."

"Na ile chupa nyeupe?"

"Ile chupa kaja nayo mwenyewe yule anayeitaka."

Akakaa, akanywa ile isiyo na gin, akaomba nyingine, akaenda. Hakurudi kusema tena.

Sikuogopa chupa. Niliogopa viti. Niliona umeweka viti vitano na benchi mbele ya nyumba isiyo yetu, mahali panapoonekana kutoka barabarani, ili watu wakae. Siku ya Jumamosi! Bila harusi, bila mkutano wa kanisa, bila mchango wa hospitali. Wakae tu, saa ambayo mvua inaanza kunguruma upande wa mashamba. Nikajifungia ndani. Nilikuwa nasikiliza dirishani nyuma ya pazia, kama mwizi katika nyumba ninayolipia kodi.

Kwa hiyo nimekuona ukifanya kazi kuliko unavyojua. Nimekuona ukiweka asali na tangawizi iliyopondwa chini ya bilauri, barafu juu yake, limau nusu, kisha ukimimina chai ya zambarau iliyopoa, polepole, juu ya mgongo wa kijiko, mpaka chini kunageuka waridi na juu kunabaki na rangi ya mawingu. Nimesikia watu wazima wakisema "haiya!" kama watoto. Ukaipa jina, Mvua ya Saa Tisa. Ile ya matunda damu na pilipili kidogo ukaiita Mama wa Kambo. Mwenye kutaka gin anaongeza yake, asiyetaka hakuna anayemwuliza. Na kando ya kila bilauri unaweka kadi, nyuma umechora jinsi ya kuchanganya kinywaji chenyewe, mbele ni tupu. Unamwambia mtu, "Andikia mtu yeyote. Si lazima kuwe na sababu."

Mama Chebet aliishika ile kadi kama matokeo ya hospitali. "Sasa mimi naandikia nani? Kila mtu ninayemjua yuko hapa."

"Andikia mzee," ukamwambia.

"Mzee tunalala naye!"

"Basi itafika haraka."

Alimwandikia mume wake. Jumamosi iliyofuata akaja amejishika mbavu. "Ngai, Kwamboka, umeniletea mambo. Amesoma ile kadi mara mbili, akavua kofia, akaniuliza nani amekufa!"

Wote mlicheka, nami nikacheka nyuma ya pazia, mkono mdomoni. Lakini usiku huo kicheko kiligeuka nikashindwa kukimeza. Kwa nini asiulize nani amekufa? Niambie, ni lini karatasi nzuri iliwahi kufika kwa mtu wa huku bila kutaka kitu? Kadi ya harusi inataka mchango. Kadi ya mazishi inataka mchango na machozi. Kadi ya kliniki inataka urudi. Karatasi ya kampuni inataka utoke. Nimesoma vitabu vingi, Kwamboka, vingine nimeviokota kwenye majalala ya nyumba za mameneja, na humo watu wanaandikiana barua kusema kwamba leo kulikuwa na jua, kwamba paka amezaa. Nilikuwa nadhani ni mapambo ya vitabuni. Halafu nikamwona Ouma, mtu mzima, fundi wa mitambo ya kiwandani aliyetoka kule ziwani upande wa magharibi akiwa kijana, mikono yake haitoki grisi, ameinama juu ya kadi yako ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza. Alipoondoka alinionyesha kupitia dirishani, maana alikuwa amejua siku zote kwamba nipo. Alikuwa amemwandikia mama yake: "Mama, leo nimekaa tu. Nakunywa kitu cha rangi mbili."

"Mwalimu, kuna makosa?" akaniuliza.

Nikamwambia hakuna.

Sasa unielewe ninapokasirika. Wewe umefanya kitu ambacho mimi sikuthubutu: umetengeneza karatasi isiyodai na kinywaji kisicho na haraka, ukaviweka mahali panapoonekana. Hata kabla hujaanza wako waliosema ni mchezo. Mjomba wako alisema, mtu mzima anakata karatasi na kuchanganya maji ya matunda, ataolewa lini. Wale wageni wa Nairobi waliokuja na gari kubwa wakakuomba uvae kikapu cha kuchumia chai mgongoni upigwe picha nacho ukiwa umeshika bilauri, na wewe, ambaye hujachuma chai siku hata moja, ukakivaa! Ukatabasamu! Nilitaka kutoka na ufagio. Kwao wikendi ni haki, wanaibeba garini kama gurudumu la akiba. Kwetu ni jambo la kuombea radhi. Mchuma chai yuko shambani Jumamosi, Jumapili anafua, na anayetaka kupumzika kweli inabidi augue. Wewe ukasema hapana, na Mama Chebet pia ana Jumamosi. Kisha kijana mmoja akaja mikono mfukoni, akasema "si mbaya", na ukakunja.

Sikuandikii kukuzuia. Naivasha si jehanamu. Huenda ni kuzuri. Yule mama ameona kazi yako akaitaka, na hilo si dogo. Anataka kadi zako katika kila chumba na vinywaji vyako kwenye meza zake, na kama ungemjibu Jumatatu ningekupikia kuku. Ungekuwa unakwenda. Lakini ulimjibu Jumatano. Ninachokuuliza, na ni kitu kimoja tu katika barua hii yote, ni kwamba ujue kabla hujapanda gari kama unakwenda au unatoka. Mimi nilikosa kujua tofauti hiyo, nikaishi maisha yangu yote nimesimama. Mtu anayetoka hasemi anataka nini huko aendako. Anashukuru kupokelewa. Anasema sawa madam, hata Jumamosi zote madam.

Sasa nikusimulie ya leo, maana uliondoka asubuhi na hukuona.

Ulikuwa umewaambia watu kwamba meza imeisha. Baada ya chakula nikatoa viti. Nikavikunjua vitambaa. Nikafungua katoni ya bilauri za harusi, zile zenye magazeti ya zamani, nikaziosha. Mbili zilikuwa zimepasuka zenyewe humo humo ndani, bila kutumiwa. Nikachukua kitabu chako cha michoro nikafuata maelekezo, lakini sina mkono wako. Niliweka tangawizi nyingi, na chai nikaimimina kwa kishindo, ikawa rangi moja, ya matope.

Mama Chebet alinywa, macho yakamtoka. "Mwalimu! Hii ni kinywaji ama ni adhabu?"

"Kunywa."

"Nakunywa. Lakini nikifa, mzee asiulize tena nani amekufa."

Ouma akaja na overoli. Akaja pia yule muuza viazi mwenye duka la kona na mke wake, na wazee wawili wa jirani. Nilimpa kila mtu kadi. Mvua ilikuwa inanguruma. Na mimi, Kwamboka, nilitoka nyuma ya pazia nikaketi kwenye kiti cha mbele, kile kinachotazama barabara. Sikushika mboga. Mikono niliiweka mapajani, na hujui jinsi ilivyokuwa mizito. Kila mtu aliyepita barabarani nilihisi ninapaswa kumweleza.

Kiprono akaja. Nilimwona tangu kwenye mlingoti wa stima pale kona, na mwili wangu ukaanza kuinuka wenyewe. Magoti yalikuwa yameshasukuma. Nikashika mbao za kiti pande zote mbili, nikabaki.

"Mwalimu," akasema, "si Kwamboka alisema meza imeisha?"

"Kwamboka alisema. Mimi sikusema."

"Sasa mimi nitaambia watu nini?"

"Watu gani? Walete. Viti vipo."

Akatazama viti, akatazama watu waliokuwa wamevikalia, wengine ni wajomba zake wa ukoo. Ouma alikuwa anaandika, hakuinua hata kichwa. Mama Chebet akamwambia kwa Kipsigis neno ambalo sikulipata lote, kisha akamalizia kwa Kiswahili ili nisikie, "Kaa ama uende, Kiprono. Unatuzibia mwanga."

"Mwalimu, mimi sina ubaya," akasema.

"Najua huna. Nilikufundisha mwenyewe. Kodi yangu hujawahi kuifuata mara mbili, na veranda imo ndani ya kodi. Mwambie mzee nitakuja kumwona Jumatatu kwa habari hiyo, yeye na mimi, si wewe na watu."

Mvua ikaanza, ile yenye mawe madogo, na ikabidi aingie chini ya paa letu au akimbie. Akakimbia. Sijui Jumatatu mzee atasema nini. Labda atasema kama mwanawe. Labda Jumamosi ijayo nitakuwa nimekaa hapa peke yangu na sufuria ya matope yangu. Sikuandikii ushindi. Katikati ya maneno haya nimesimama mara mbili kuangalia kama mlango umefungwa.

Lakini nimeamua kwamba sifagii tena. Asitegemee mtu kwamba nitamwachia mahali pakiwa safi.

Na kwako nina ombi ambalo yule mama wa Naivasha anaweza kulikataa, na akikataa utakuwa umejua jambo. Mpigie simu kesho ukiwa njiani, kabla hujafika, kabla hajakuonyesha chumba na kukupa sare. Mwambie Jumamosi moja kila mwezi una meza yako Sosiot. Usimwambie samahani. Usimwambie kama inawezekana. Mwambie una meza yako, kisha unyamaze, umwache yeye atafute la kusema. Najua itakuwa vigumu. Ulimi wako utakuwa umeshasema sawa. Ushike, kama nilivyoshika mbao za kiti.

Asubuhi nitakusindikiza mpaka barabarani. Sitalia sana, na sitakubebea begi, kwa sababu nataka mikono yangu iwe mitupu watu wakituona. Halafu utapanda, na mimi nitageuka nirudi. Nilikuwa nalifikiria hilo wakati mvua inapiga bati, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Katika familia yetu hakuna mtu aliyewahi kufanya hivyo. Tulipotoka Sigor tulitoka sote. Tulipotoka nyumba ya kampuni tulitoka sote, mpaka kuku. Hakuna aliyebaki mlangoni kutupungia, kwa sababu hakukuwa na mlango. Sisi tumehama tu, mama. Wewe ndiye wa kwanza wetu kuondoka nyumbani.

Mimi nipo, nimekaa,
Mama yako